Watu wa Mambrui

Gari la Mzee Msellem, Peugeot 404 ya rangi ya maziwa, lilizimika mbele ya soko la Malindi siku moja kabla ya Idi, likaziba njia. Mikokoteni ilisongamana nyuma yake, wenyewe wakilalama. Mzee alikuwa ameliacha hapo, yumo ndani ya soko akichagua nyama. Garini alibaki binti yake Saleha, buibui lake jipya likinukia udi.

Abdillahi, kijana wa Mambrui aliyekuwa likizoni kutoka chuo cha ufundi, aliomba ruhusa ya kufungua boneti.

"Wewe ni fundi?"

"Nasomea."

"Mmefika somo la magari yaliyozimika, au bado mwafundishwa kuosha mikono?"

Abdillahi alicheka. Akazikwangua pointi za kutoa cheche kwa ubavu wa kiberiti, akafunika. "Zungusha ufunguo, bibie."

Injini ikaitika. Saleha akaitazama mikono yake iliyojaa grisi. "Umejichafua kwa ajili yetu."

"Nitaiosha. Si ndilo somo tulilofika?"

Kuanzia hapo zikawa simu. Saleha alipiga kutoka dukani kwa baba yake, mzee akipumzika mchana. Huko Kilifi, Zipporah, karani wa chuo, alimwita Abdillahi kutoka karakana aje ofisini kuipokea.

"Nikishamaliza mtihani, namtuma baba aje akupose," Abdillahi alimwahidi.

"Usikawie, roho yangu."

Siku moja Saleha alipopiga, sauti yake ilijaa kicheko. "Ahsante, muhibu wangu. Kumbe hukuungoja mtihani."

"Ahsante ya nini?"

"Wajifanya hujui. Jana shangazi alinijia chumbani. 'Watu wa Mambrui wamekuja kukuposa. Una neno?' Nikainama, nikanyamaza. Akatoka akipiga vigelegele."

Abdillahi aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili. Kwao, kimya cha mwari ndiyo idhini yake, na kuuliza mposaji ni nani ni kukosa haya.

"Saleha, sisi hatujaleta posa."

Kicheko kilikatika. "Basi nimemkubali nani?"

"Waambie umekosea."

"Wataniuliza nilidhani ni nani. Nikikutaja, baba atajua nazungumza na mwanamume kwa simu yake mwenyewe."

"Namtuma baba leo."

"Baba yako ataposa juu ya posa ya mwenzake?"

Abdillahi alimjua baba yake. Hata angepigiwa magoti, mzee yule asingetia mguu palipokwisha kukubaliwa, dini imekataza.

"Basi sema wewe. Nitakuwa kando yako."

"Kando yangu wapi, Abdillahi? Barazani kwa baba hukai, ndani kwa mama huingii." Akashusha pumzi. "Sikulaumu. Faulu mtihani wako."

Simu ikakatwa.

Zipporah, mtu wa bara, alikuwa ameacha kupiga taipu. "Ameolewa?"

"Bado."

"Sasa? Si mwende tu mkawaambie ukweli?"

Abdillahi alitafuta pa kuanzia kumweleza, akapakosa. Karakana wenzake walikuwa wakimwita. Injini imening'inia kwenye mnyororo, wanataka mtu wa kuiongoza ishuke.

"Ahsante, dada," alisema, akaenda kuishika.