Kikohozi cha Baba Mkwe

Kikohozi kile Tusekile alikisikia hata kabla hajatandika mkeka wake. Kohoo, kimya kidogo, kohoo-kohoo, kama mtu anayegonga mlango, akaona aibu, akagonga tena. Mkono wake ukaruka wenyewe kwenye ncha ya khanga, akajifunika uso na kugeukia ukutani. Abiria wawili wa Kikinga walimtazama wakacheka, na hapo ndipo alipojiuliza: baba mkwe yuko Manda, sasa ni nani anayekohoa hivi hapa melini, Mwaya?

Akachungulia. Nyuma kabisa ya meli, pale ukingo wa chuma unapokatika na kuwekwa mnyororo ili mizigo ipite, hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji tu juu ya mbao, alama ya unyevu ya mtu aliyekaa muda mrefu na nguo mbichi.

Akajiambia labda mzee alikuwa amekwenda milimani Tukuyu kutembelea ndugu na sasa anarudi Manda, mbona inawezekana. Akasogeza mkeka mbali kidogo, kwa heshima, akamfungua Fanueli mgongoni, akamnyonyesha.

Kwao Rungwe mke wa mtu hamtazami baba mkwe. Hamtaji jina, hakutani naye njiani, na mzee naye hukohoa akikaribia ili mkamwana apate nafasi ya kujificha migombani. Tusekile alikuwa amesoma, alifika darasa la kumi, alijua kuchora ramani na kuimba kwa noti, na mashoga zake wa Mbeya mjini walikuwa wakimtania kwamba siku mkwe atakapopita Soko Matola yeye ataingia ndani ya gunia la viazi. Alicheka nao. Lakini tangu aolewe hajawahi kuuona uso wa baba wa Jailos, mumewe. Alijua miguu yake, kidole kikubwa kilichopinda, alijua upindo wa blanketi lake jekundu, na alikijua kikohozi kile kama anavyojua kengele ya kanisa. Uso hakuujua.

Na jambo moja lilikuwa linamkaa rohoni. Mzee alikuwa hajaoneshwa mjukuu. Desturi ilikuwa mama amlaze mtoto kwenye mkeka, asogee, ageuze mgongo. Babu aje amwinue, amtemee mate kidogo ya baraka, amrudishe, aseme "ndaga," yaani asante, kisha akohoe akiondoka. Hapo ndipo mama hugeuka. Lakini Fanueli alizaliwa mzee akiwa amekwisha kupelekwa ziwani kutibiwa tumbo. Jailos mwenyewe ndiye aliyempeleka, kwa meli hii hii, akaishi naye huko Manda alikokuwa karani wa ghala la mchele. Tusekile akituma salamu, jibu lilikuwa moja, mzee anashukuru. Akituma chai na sukari, mzee anashukuru. Akisema nije nimpikie, Jailos anasema ngoja kwanza apate nguvu. Hata baba mdogo, ambaye ng'ombe wote wangekuwa wake siku mzee akifariki, maana ndivyo urithi wao unavyokwenda, kwa ndugu kwanza, si kwa mtoto, naye alikuwa akiuliza na kujibiwa hivyo hivyo. Na Jailos alikuwa amekataza kitu kimoja: ukija, pitia Njombe kwa lori, usipande meli. Kwa nini, hakusema. Tusekile alichoka na lori, mtoto anatapika, barabara ya matope. Akaona meli ni usiku mmoja tu, unalala Mwaya unaamka Manda, akapanda. Peke yake, mwanamke na mtoto wake mgongoni, na moyoni alijisifu kidogo.

Jua lilipozama nyuma ya Ungonde, ng'ambo ya ziwa, wingu la kungu likapanda kutoka majini kama moshi wa shamba linalochomwa, wadudu wadogo wasio na idadi, wakaingia machoni na kwenye chai. Abiria wakakimbilia ndani kwenye joto la mashine. Tusekile akabaki nje maana Fanueli alikuwa akilia kwenye joto, na alipotulia, hakuna aliyekuwa nje tena isipokuwa wao wawili na ile sehemu ya mnyororo.

Akasinzia. Kilichomwamsha ni harufu, tope la mtoni na samaki waliosahauliwa jikoni, na chini yake harufu nyingine aliyoijua, ya tumbaku ya kunusa aliyokuwa akinusa baba mkwe.

Kohoo. Kimya. Kohoo-kohoo.

Akajifunika, akageuka. Nyuma yake mbao zililia polepole, kama mtu mzito anavuta miguu iliyolowa.

"Mkamwana," sauti ikasema. Ilikuwa ya kukwaruza, ya karibu. "Huyo mjukuu wangu sijamwona."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusemeshwa naye. Ilimwingia heshima zaidi kuliko woga, tena aliona haya kwamba mzee ndiye aliyeomba haki yake mwenyewe. Hakujibu, maana hajibiwi. Akamlaza Fanueli katikati ya mkeka, akamfunua uso, akasogea hadi ukutani akageuza mgongo, macho kwenye misumari ya chuma, akingoja ile "ndaga."

Ikachelewa.

Alisikia mtoto akiinuliwa, akasikia ile sauti ndogo ya Fanueli anapobebwa na mtu mgeni, e-e, halafu hakusikia kitu, akasema moyoni babu anamtazama vizuri, wacha amtazame, halafu akasikia maji yakidondoka juu ya mbao, tone baada ya tone, akasema labda blanketi limelowa kwa mawimbi, lakini ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa, halafu baridi ikaanza kupanda kutoka kwenye nyayo zake, na mtu yule nyuma yake alikuwa hapumui, amesimama na mwanawe mikononi na hapumui, na yeye bado anatazama misumari kwa sababu ya adabu.

"Mama." Sauti nyingine hii, mbele yake, kwenye kona. Alikuwa Matano, baharia wa sitaha, Mwislamu wa Iringa mjini ambaye babu yake alitoka pwani, na jioni ndiye aliyempa maji ya moto. Alikuwa ameshika taa ya chemli. Alinong'ona. "Uko na nani hapa?"

"Baba mkwe," Tusekile akanong'ona. "Anatazama mtoto. Usimwangalie."

Matano alikuwa amekwisha kuangalia. Taa ikashuka polepole hadi sakafuni. Akasema bila kuondoa macho pale, maneno yakimtoka yamebanana, kwamba mwaka jana, masika, mzee mmoja Mnyakyusa mwenye blanketi jekundu alikaa pale penye mnyororo na kijana wake, na asubuhi mzee hakuwepo. Kijana alisema baba ameshuka Lupingu. Lakini Lupingu usiku ule meli haikusimama, upepo wa mwera ulikuwa mkali. Matano alikuta fimbo ya mzee imekwama kwenye mnyororo. Alitaka kusema, kijana akamwambia, wewe baharia, angalia kazi yako.

"Kijana gani?"

"Karani wa ghala, Manda. Tangu siku hiyo hakanyagi maji, mama. Mizigo anapokelea nchi kavu, boti anatuma watu." Akameza mate. "Na aliyekufa harudi. Hilo ni jini la maji, limevaa alichokiacha. Linakuja kila safari, linakohoa tu. Leo limepewa mtu."

Limepewa. Yeye ndiye aliyetoa, kwa mkono wake, akageuza na mgongo.

Sauti ya nyuma ikacheka kidogo, kicheko chenye maji ndani. "Nilikuwa na kiu," ikasema. "Nikamwomba mwanangu maji ya kunywa. Akaniambia, baba, maji si hayo hapo chini, inama uchote. Nikainama. Akanisaidia." Maji yakadondoka. "Hakunililia mtu. Hakuchinjwa hata kuku. Ng'ombe wangu wako zizini kwake wanashiba, na mdogo wangu hajui kama nimekufa. Na mimi nina kiu bado. Nachukua mwana wa mwanangu, tuwe sawa."

Tusekile akasikia mnyororo ukilia, kama umeguswa na goti.

Basi akageuka. Desturi za mama yake na za bibi yake zote zilimshika shingo na yeye akageuka, khanga ikaanguka mabegani, akatazama: miguu, ile ile, na kidole kilichopinda, blanketi jekundu linalochuruzika, mikono yenye ngozi nyeupe iliyokunjamana ya mtu aliyekaa majini, na Fanueli amelala juu yake, macho wazi, halii, na juu ya blanketi, pale alipotazamia uso wa mzee, hapakuwa na uso. Palikuwa laini, pameviringika, panang'aa kwa maji kama jiwe la mtoni. Akaelewa mara moja: kitu kile kilikuwa kimemchukua baba mkwe kutoka kichwani mwake yeye, na kichwani mwake uso haukuwepo.

Matano alikuwa akisoma aya kwa kunong'ona, anapotea, anaanza upya. Kitu kikarudi nyuma hatua, mgongo kwenye mnyororo, mtoto juu ya maji.

Ndipo akafanya la pili. Alilitaja jina la baba mkwe. Jina ambalo tangu aolewe alikuwa halitamki hata akisoma orodha ya ubatizo kanisani.

"Andendekisye," akasema. "Nipe mwanangu."

Kitu kikasimama. Lile jiwe la uso likatetemeka kama uji unaotaka kuchemka.

"Huyu hakukunyima maji," Tusekile akasema, na maneno sasa yalimtoka kwa kasi, hayana pumzi katikati, hayana hata hofu, maana hasira ilikuwa imeingia na kukaa mahali pa hofu, alikumbuka chai na sukari, alikumbuka mzee anashukuru, mzee anashukuru, alikumbuka mume wake alipokuja likizo, akila ugali mezani Mbeya na kusema baba anaendelea vizuri, akikata nyama huku akisema hivyo, "huyu hakukunyima maji, hakuwepo, alikuwa tumboni mwangu, aliyekunyima maji hutamfikia kwa sababu hakanyagi ziwa, wewe huwezi kupanda nchi kavu na yeye anajua, lakini mimi nitamleta, nitamleta majini kwa miguu yake mwenyewe, nipe mwanangu nikupe wako."

Mashine ya meli ilikuwa ikipiga chini kwa chini. Kitu kikainama, taratibu, kama wanavyoinama wazee wenye mgongo mbovu, kikamlaza Fanueli kwenye mkeka. Kikaenda kwenye mnyororo, na hapakusikika kuanguka kwa kitu majini.

Hakikusema ndaga.

Hadi kulipopambazuka Tusekile alikaa ameegemea ukuta, mtoto ndani ya khanga, ngozi kwa ngozi, akimpulizia nywele zilizolowa. Matano alikaa mbali kidogo, akimwomba kwa sauti ya chini afikiri vizuri, ahadi kwa kitu kama kile si maneno ya kuchezea, na mwenye kosa ana hukumu yake kwa Mungu. Tusekile akamwambia, "Kaka yangu, wewe ulinyamaza mwaka mzima. Ninyamazie na mimi asubuhi moja."

Manda haikuwa na gati ya kufikia meli. Ilitia nanga mbali, na boti za makasia zikaja kuchukua watu na magunia. Jua lilikuwa limetoka juu ya milima ya Livingstone, maji yamekuwa rangi ya maziwa, na kule mchangani alimwona Jailos, kaptura nyeupe, kofia, amesimama mbali na ukingo wa maji. Aliinua mkono kama kawaida yake. Boti ya kwanza ikaja. Abiria wa Kikinga wakashuka. Mpiga kasia akamwambia, mama, njoo, bwana amekuona, anakungoja.

"Mwambie mtoto anaumwa," Tusekile akasema. "Anatapika usiku kucha. Sitamshusha kwa mikono ya mtu mwingine. Aje mwenyewe amchukue mwanawe."

Boti ikarudi. Aliona wakiongea pale mchangani, akamwona Jailos akitikisa kichwa, akaenda hatua mbili kuelekea ghalani, akarudi. Akavua viatu. Alisimama na viatu mkononi muda ambao Tusekile alidhani hautakwisha. Kisha akaingia majini hadi magotini, akapanda boti, akakaa katikati ameshika mbao huku na huku.

Tusekile akampenda wakati ule, hilo ndilo lililomtisha baadaye. Alikuja kwa ajili ya mtoto. Angeweza kupiga kelele, angeweza kumpungia khanga arudi. Khanga ilikuwa mkononi.

Boti ilipofika katikati, ikazama kidogo upande wa nyuma, kama imeongezewa mzigo. Mpiga kasia akageuka kutazama, hakuona kitu. Lakini Tusekile alimwona mtu wa tatu amekaa nyuma ya mumewe, blanketi jekundu linachuruzika, magoti yamekunjwa, ameinama karibu na sikio la Jailos kama mtu anayeomba kitu kidogo.

Jailos akanyoosha shingo, akatabasamu kuelekea melini, akamtafuta mwanawe kwa macho.

Tusekile akaishika ncha ya khanga. Akajifunika uso, kama impasavyo mkamwana, akageuka, akaipa boti mgongo.

Alisikia kikohozi. Alisikia mbao za boti zikigonga, mpiga kasia akiita jina la bwana wake mara moja, na maji. Halafu, karibu sana na sikio lake, kwa kukwaruza na ubaridi, ikaja ile sauti aliyoingoja usiku kucha.

"Ndaga."

Na ndani ya khanga, kifuani pake, Fanueli akakohoa. Mara moja, kimya kidogo, mara mbili.