Kona ya Kushoto

"Sindano, uko wapi?"

"Nyuma yake. Magari mawili kati yetu."

"Usimpoteze. Mtunza stoo wetu wa vielelezo amefungua mdomo."

Sindano aliiongezea mwendo pikipiki yake, Yamaha, akapenya kati ya lori na ukingo wa barabara. Mbele, Mercedes nyeusi yenye namba za ubalozi ilikwenda taratibu kama imebeba bibi harusi. Mtu aliyeketi kiti cha nyuma hakuwa na haraka. Hakuna aliyewahi kumharakisha.

Ofisini walimwita Balozi. Hakuwa balozi. Alikuwa karani wa ubalozi aliyejaliwa suti nzuri na pasi ya kidiplomasia, na kwa vitu hivyo viwili aliwabebea wauza silaha mizigo yao midogo midogo. Askari haruhusiwi kumpekua. Mbwa wa uwanja wa ndege haruhusiwi hata kumnusa.

"Kadi iko wapi?" Sindano aliuliza. Kipaza sauti kilikuwa ndani ya ukosi wa jaketi, kidogo kuliko kifungo.

"Ndani ya lenzi ya kamera," sauti ya Mkuu ilisema sikioni. "Ya milimita hamsini. Mtunza stoo aliinunua kwenye duka moja huko mbele, akaifungua, akaichomeka kadi humo, jana akairudisha. Kamwambia muuzaji kwamba mkewe ameikataa. Muuzaji hajui kitu, amelirudisha boksi kabatini na wenzake. Balozi amepewa namba ya boksi. Anaingia mteja, anatoka mteja."

"Namba gani?"

"Anasema hakumbuki." Mkuu alikohoa. "Na simdhanii kusema uongo. Mtunza stoo asiyekumbuka namba. Ndio watu tunaowalipa mishahara."

Sindano hakucheka.

Kadi ile ya picha haikuzidi ukucha. Ilitoka kwenye kamera ya kaka yake, mpiga picha wa gazeti. Kaka alimpiga picha Tajiri, mkubwa wa wauza silaha, akipokea makasha ya bunduki ghalani. Watu wa Tajiri walipomwona, alikimbia, akairusha kadi kwa mkewe kupitia dirisha la gari, kisha akawageukia ili mkewe apate kuondoka. Mkewe aliondoka. Kwenye kioo cha pembeni alimwona mumewe akianguka. Kadi aliikabidhi ofisini kwa Mkuu, na mtunza stoo akaiiba ili kuwapa watu wa Tajiri.

Sasa kesho, huyo mke, wifi yake Sindano, alitakiwa kusimama mahakamani. Akiwa na picha, Tajiri anafungwa maisha. Bila picha, yeye ni mjane anayelia mbele ya mawakili sita. Nakala za kompyutani mtunza stoo alikwishazifuta. Tajiri angetoka mahakamani akitabasamu, na wote walijua angeanza kubisha mlango wa nani.

"Vijana wetu?"

"Wako kwenye foleni. Sikiliza. Balozi akitoka na lenzi hiyo, imekuwa mali ya ubalozi. Washirika wa Tajiri huko nje wanaingoja waivunje kwa mikono yao. Na ukimgusa yeye, mimi na wewe tutauza vocha barabarani."

"Nimeelewa."

"Glock ibaki kiunoni, sitaki risasi."

"Nimesema nimeelewa, Mkuu."

Mercedes ilisimama mbele ya duka la kamera. Balozi alibaki ndani akizungumza kwenye simu. Mlinzi wake, pandikizi la mtu lenye shingo ya nguruwe pori, alishuka kuikagua barabara. Aliwakagua wanaume tu.

Sindano aliegesha, akavua kofia ngumu, akampita.

Duka lilinuka plastiki mpya. Muuzaji aliketi nyuma ya kaunta ya kioo, miwani imepandishwa utosini, kijiti cha meno mdomoni.

"Betri za saa tunauza dirisha la nje," alisema kabla ya salamu.

"Nataka lenzi ya milimita hamsini. Ya Nikon."

Muuzaji alimtazama kuanzia viatuni. Vumbi la pikipiki halikumpendeza.

"Ya shemeji?"

"Ya kamera."

"Zipo tatu. Bei moja, lenzi moja. Chukua yoyote."

"Nitazipima zote."

"Dada yangu, hizi si nyanya za kubonyezabonyeza."

"Nyanya ikiwa mbovu naitupa. Hii ikiwa mbovu, utanirudishia?"

Muuzaji alishusha pumzi ya mtu anayeonewa na dunia nzima. Aliweka maboksi matatu juu ya kaunta, kisha akarudi kwenye simu yake.

Sindano alitoa kamera mkobani. Ilikuwa ya kaka yake, rangi imechunika kwenye kona, alama ya vidole vyake bado inang'aa pale alipokuwa akiishikilia. Aliilaza juu ya mkoba uliokunjwa ili isitikisike, akaielekeza nje. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukuta wa matofali. Hakuna mwalimu mzuri kama ukuta wa matofali. Mistari yake imenyooka, na haina sababu ya kukudanganya.

Lenzi ya kwanza. Alilifungua tundu lake la kupitishia mwanga hadi mwisho, maana hapo ndipo udhaifu hujitokeza. Ukilibana tundu, hata lenzi ya ovyo hujifanya nzuri. Alilenga, akapiga, akaikuza picha kwenye kioo cha kamera. Katikati, kali. Kona ya kulia, kali. Kushoto, unaweza kuhesabu chembe za saruji.

Aliivua, akaifunika, akaiweka pembeni.

Lenzi ya pili. Katikati, kali. Kulia, kali.

Kushoto, matofali yalikuwa yameyeyuka kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni.

Hakuamini upesi. Huenda mkono ulitikisika. Alipiga tena, yale yale. Huenda ukuta umekaa mshazari. Aliigeuza kamera kichwa chini, akapiga ya tatu. Ukungu ukahama. Sasa ulikuwa umefunika upande mwingine wa ukuta.

Basi kosa halikuwa la ukuta wala la mkono. Lilikuwa ndani ya lenzi. Kioo kimoja kilikuwa kimesukumwa upande.

Kiwandani hawatoi kitu kama hicho. Hii ilikuwa kazi ya mtu mwenye bisibisi kubwa na akili ndogo. Walimuua mpiga picha, wakaiiba kazi yake, wakaificha ndani ya lenzi, na hakuna hata mmoja wao aliyejua lenzi ni kitu gani.

Kengele ya mlango ililia.

Balozi aliingia na manukato yake. Pandikizi lilifuata nyuma, likaziba mwanga.

"Milimita hamsini," Balozi alisema, bila kumtazama mtu. "Boksi linaloishia na sita mbili."

Muuzaji aliruka. Kijiti kilidondoka. Miwani ilishuka yenyewe puani.

"Karibu sana, mheshimiwa. Ipo." Akayapekua maboksi, akapata lenye sita mbili, akalikuta tupu. "Ila... huyu dada alikuwa anaipima kidogo."

"Anapima nini?"

"Kama ina ukali, mheshimiwa."

"Huyu?" Balozi ndipo alipomwona Sindano, kama mtu anavyoliona tone la mchuzi kwenye shati. "Mwambie aniwekee vitu vyangu ndani ya boksi langu."

"Umesikia?" muuzaji alisema kwa ukali aliokuwa ameutunza. "Rudisha. Na mikono yako uifute."

"Samahani, mheshimiwa," Sindano alisema kwa sauti ya mfanyakazi wa ndani.

Ya pili aliiacha palepale ilipo, mdomoni mwa kamera. Aliichukua ya kwanza, ile safi, akaitia kwenye boksi la sita mbili na kulifunga kifuniko.

Muuzaji hakuona, alikuwa akipangusa kaunta mbele ya Balozi kwa mkono wa shati. Lakini Pandikizi lilikuwa likitazama mikono.

"Bosi," lilisema. "Tulifungue. Tuone namba ya kwenye lenzi yenyewe."

Kidole chake kinene kilikwishagusa kifuniko. Glock ilikuwa kiunoni. Wifi alikuwa kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa, akirudiarudia maneno ya kesho.

Sindano alitabasamu.

"Afadhali, kaka," alimwambia Pandikizi. "Ifungueni, namba imeandikwa ubavuni. Na mheshimiwa aipime kabisa. Kamera yangu hii hapa, ukuta ule pale." Aliisogeza kamera mbele ya suti. "Mheshimiwa ataanza na tundu wazi, au atalibana kwanza?"



Balozi aliitazama kamera. Hakujua inashikwa wapi. Hakujua tundu ni lipi. Muuzaji alikuwa akimngoja kwa adabu, kichwa kimeinama upande, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu afungue kitabu.

"Hiki umekiokota jalala gani?" Balozi aliuliza.

"Ni cha marehemu kaka yangu."

"Kimfuate, basi." Akakipiga kidole cha Pandikizi, akalibeba boksi mwenyewe. "Na wewe umekuwa fundi tangu lini? Tuna ndege ya kuwahi." Akamgeukia muuzaji. "Mimi sinunui vitu vya kupimwa. Nanunua vizuri tangu mwanzo."

Alitupa noti kwenye kaunta na kutoka. Hakungoja chenji. Mlango ulijifunga, manukato yakabaki.

"Ule ndio uungwana," muuzaji alisema, akizikusanya noti. "Umeona mtu anavyonunua?"

"Nimeona. Mimi nachukua hii."

Muuzaji aliinamia kioo cha kamera, na ndipo kwa mara ya kwanza akafanya kazi yake. Aliitazama ile picha, akaikuza, akakunja uso.

"Hii ina ukungu kushoto."

"Ndiyo."

"Chukua ile ya tatu basi, sitaki maneno baadaye."

"Nataka hii."

"Umenichosha na kuta na matofali, halafu unachagua mbovu?" Alicheka hadi miwani ikarudi utosini. "Ama kweli, mpe mwanamke lenzi."

Sindano alilipa, akakataa boksi, akakataa pia kumjibu. Kuna watu ukiwajibu unawapa cheo.

Nyuma ya jengo, penye mapipa ya taka, alikaa juu ya pikipiki na kutoa bisibisi ya fundi saa. Pete ya mbele ilitoka bila ubishi. Kadi ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya viatu, imekibana kioo ubavuni. Gundi ya viatu. Aliibandua kwa ukucha, akaivisha ganda lake la plastiki na kuichomeka kwenye kamera iliyoizaa.

Picha zikafunguka.

Ghala. Makasha. Bunduki ndani ya majani makavu. Tajiri akipeana mkono na wageni, uso wake wote, kope moja moja, hadi kovu dogo chini ya mdomo. Wageni nao. Kaka yake hakuwahi kuwakosa watu.

Picha ya mwisho ilikuwa ukungu mtupu. Sakafu, kivuli, kipande cha kiatu, vyote vimevutika kama rangi iliyomwagiwa maji. Aliipiga akikimbia. Sindano aliitazama kwa muda. Miaka yote ile, hakuwahi kuona picha ya kaka yake isiyo na ukali.

Aliizima kamera.

"Mkuu. Ninayo."

Upande wa pili mtu alivuta kiti. "Nzima?"

"Nzima."

"Balozi yuko njiani kwenda uwanja wa ndege. Tumzuie kwa lolote? Hata tairi?"

"Mwacheni asafiri. Amenunua lenzi nzuri kuliko zote dukani."

"Na hao wenzake wakiivunja?"

"Watakuta vioo."

Mkuu alicheka, kitu ambacho Sindano alikuwa hajawahi kukisikia, na hakukipenda sana.

"Watamfanya nini?"

"Watajuana wao kwa wao. Wao ndio waliomtuma mtu asiyefungua boksi."

Alikata. Akapiga namba nyingine, ile isiyoandikwa popote.

"Wifi."

"Niambie." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu asiyelala.

"Zimepatikana. Kesho nenda kaseme ulichokiona. Wao watatazama picha."

Mahali fulani nyuma ya sauti ile, bomba la maji lilikuwa likidondosha matone.

"Umezitazama?"

"Nimezitazama."

"Zote ziko kali? Unamjua kaka yako, ingemuuma."

Sindano aliitazama kamera iliyozimwa mapajani mwake.

"Zote, wifi."

"Sawa," wifi alisema, na sasa alikuwa akilia. "Sawa. Basi nitaweza."

Sindano aliivaa kofia ngumu, akaitupa lenzi kwenye pipa la taka bila kugeuka kuona imeangukia wapi, akaiwasha Yamaha na kuondoka polepole, akifuata taa za barabarani kama raia mwema.