Maneno Mkononi mwa Bibi Nyamburi

Jirani zangu wa Bukima mtaniwia radhi. Habari hii wengi wenu mnaijua, na baadhi yenu mlikuwepo mkicheka. Nimeona niiandike hata hivyo, kwa sababu watu wa Guta wanaisimulia kivyao, na wa Musoma mjini wanaisimulia vibaya zaidi. Tena nina mtu wa kumsifia. Sisi ni hodari wa kusifia marehemu. Mimi nitamsifia aliye hai, na asikie kwa masikio yake.

Mtu huyo ni Dafroza, mke wa Baltazar. Mumewe ana duka la simu na taa za sola Musoma mjini, na nyumbani huja mwisho wa juma. Dafroza ndiye aliyebaki hapa kijijini na mama mkwe wake, Bibi Nyamburi, mjane wa mzee Isaya. Asubuhi ungewakuta nyuma ya nyumba, mkwe akimwosha bibi miguu kwa maji ya uvuguvugu, wakicheka mambo yao. Kisha wanashuka pamoja mpaka ufukweni kwenye vichanja vya dagaa. Bibi anaketi mkekani na kuchambua, anatoa konokono na vijiti, na hakuna apitaye bila kutaniwa. Wako wake wengi wanaowatunza mama wakwe zao kwa kununa. Dafroza hakununa, na bibi alinawiri.

Ila alikuwa ameanza kusahau. Asubuhi akili yake ilikuwa safi kabisa, anakumbuka hata nani alibatizwa na padri gani. Jua likishapanda, ukungu unamwingia. Anamwita Dafroza kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, anaongea Kizanaki cha kwao Butiama, anasema anataka kwenda kwao. Siku moja alitoweka, wakamkuta katikati ya mihogo ya jirani, kakaa tu.

Baltazar aliposikia alishtuka sana. Nimtendee haki: anampenda mama yake, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Basi akasikia habari za kijidude kidogo mfano wa punje ya mchele, ambacho mtu huingiziwa chini ya ngozi ya mkono kwa sindano. Ndani yake unaandika maneno. Mtu akigusisha simu ya kisasa kwenye ule mkono, maneno yanatokea kwenye kioo. Kule mjini kulikuwa na mtaalamu mmoja anayeviweka. Jina lake sitalitaja, na kama alikuwa na kibali au hana, hilo silijui.

"Baba Hilda, umemwuliza mwenyewe?" Dafroza alimwambia.

"Nimwulize nini, Mama Hilda? Jana kaniita mjomba."

"Mwulize asubuhi. Asubuhi anajuaga kila kitu."

"Asubuhi mimi niko dukani. Mtaalamu ana nafasi kesho mchana. Wewe unataka apotee?"

Nani angejibu kwamba anataka mama apotee? Kesho yake mchana, ukungu umeshaingia, bibi akashikwa mkono, akadungwa. Akamtazama mwanawe usoni, akamwuliza, "Wewe kijana, nimekukosea nini?" Baltazar akacheka kidogo, akasema ni chanjo.

Tangu siku hiyo akawa anapapasa nyuma ya mkono wake wa kulia, akisema kuna mwiba.

Sasa nieleze kilichoandikwa. Baltazar aliandika jina la mama yake, kijiji, na namba yake ya simu. Angeishia hapo pengine nisingekuwa na hadithi. Lakini mtaalamu alimwambia aongeze na hali ya mgonjwa, ili atakayemwokota ajue namna ya kumhudumia. Baltazar akaandika kwamba amepungukiwa na kumbukumbu. Akaandika tena kwamba hashiki mkojo.

Enyi mnaosoma hapa, mnajua desturi yetu. Mtoto wa kiume akishaoa haingii chumbani kwa mama yake, na habari za mwili wa mama hazipiti mdomoni mwake. Hiyo ni kazi ya mkwe, na mkwe naye hufunga kinywa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa Dafroza. Alimweleza mumewe mara moja tu, kwa kunong'ona, kwa kuwa alihitaji mpira wa kutandika kitandani. Baltazar akauleta mpira, akamshukuru na Mungu. Kisha jambo alilonong'onezwa akaliandika mahali ambapo kila mwenye simu angeweza kulisoma. Alidhani maadamu hakulitamka, hajavunja kitu.

Kijiji hakina siri ya muda mrefu. Yakobo, kijana wetu wa bodaboda, alipopata habari za mkono unaosomeka, hakulala vizuri mpaka ajaribu. Alishuka ufukweni watu wakiwa wengi kwenye vichanja, akachuchumaa mbele ya bibi kama anayemsalimia, akamshika mkono na kugusisha simu. Ikalia mlio mdogo.

"Inasoma kweli," akasema, na akaanza kusoma kwa sauti, jina, kijiji, kumbukumbu. Hakunyamaza. Akamaliza mstari wote.

Wako waliocheka. Mwanamke mmoja, naye ana mama mkwe kwake, aliivuta pembe ya mkeka wake ikae mbali kidogo. Sisi wengine tulitazama dagaa.

Ubaya ni kwamba ilikuwa bado asubuhi. Bibi Nyamburi alielewa kila neno. Alinyanyuka taratibu, akapeleka mkono nyuma na kukipapasa kitenge chake kama kimelowa. Kilikuwa kikavu. Kisha akaondoka. Dafroza wakati huo alikuwa upande wa pili akigeuza dagaa. Alipopewa habari na kukimbia nyumbani, bibi hayupo.

Lori la dagaa lilikuwa linaondoka kwenda Bunda. Bibi alipanda pamoja na wachuuzi, na kila mchuuzi akadhani ni mama wa mwenzake. Kitambaa cha kichwani alikuwa amekifungia mkononi, fundo juu ya fundo, pasionekane ngozi.

Dafroza akampigia mumewe simu.

"Tulia," Baltazar akasema. "Si ndiyo maana tuliweka kile kitu? Mtu atamgusa, simu yangu italia. Mimi hapa sibanduki."

"Baba Hilda, kile kitu hakiitagi mtu. Mpaka mtu asome."

"Watasoma tu. Usihangaike bure."

Basi mwanamume akaketi dukani, simu mezani mbele yake, akiitazama. Mkewe hakuwa na subira ya namna hiyo. Alikwenda kwa kila mtu aliyekuwa ufukweni, hata kwa Yakobo, ambaye sasa macho yalikuwa chini. Alipoambiwa kuhusu lori, akamwamuru Yakobo ampakie kwenye pikipiki yake, na Yakobo akampakia mpaka Bunda bila kudai kitu. Huko sokoni Dafroza aliwapitia wachuuzi wa Bukima mmoja mmoja, akawaomba wamsikilizie. Akapita kanisani, akapita stendi, akapita hospitali. Alilala kwa shemeji yake hapo mjini, kama kulala kulikuwepo.

Kumbe bibi alikuwa ameifuata barabara ya Guta kwa miguu. Ukungu ulikuwa umemrudia, na alipoliona ziwa mbele akadhani yuko nyumbani. Mkulima mmoja, mama aitwaye Adventina, alimkuta amesimama shambani kwake anatafuta mlango. Akamkaribisha, akampa uji, akaona ule mkono uliofungwa.

"Umeumia, mama?"

Bibi akauficha kifuani. "Wameniandika hapa. Usinisome."

Mume wa Adventina, Wambura, alikuwa amewahi kuvisikia vitu hivyo. Akatoa simu, akasema, "Tumfungue tusome, saa hii hii tujue kwao."

"Amesema asisomwe," mkewe akajibu.

"Mtu mwenyewe amechanganyikiwa."

"Kuchanganyikiwa kachanganyikiwa. Hilo kalisema vizuri. Mama, hatukusomi. Kula, ulale, kesho tutaongea."

Nimekutana na Adventina tangu hapo. Nilimwuliza kama hakuogopa kukaa na mgeni asiye na jina, na angeweza kulijua kwa kugusa tu. Akanijibu kwamba kwao mgeni huulizwa akishashiba, na akishapumzika. Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, na machache yamenikaa kama jibu hilo. Alichagua njia ndefu ili mtu abaki na heshima yake.

Asubuhi alimwuliza, na asubuhi bibi alikuwa mzima. Alisema yeye ni Nyamburi, mke wa marehemu Isaya wa Bukima, na kwamba mkwe wake Dafroza atakuwa anamtafuta. Wambura akakimbilia sokoni Bunda kwa wauza dagaa. Hakumaliza hata kulitamka jina, wachuuzi walishamwita Dafroza. Dafroza alipofika Guta, bibi alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Alimwona, akasema, "Umechelewa," na Dafroza akapiga magoti pale pale kwenye mavumbi akalia.

Simu ya Baltazar ililia mwishowe. Aliyempigia alikuwa mkewe.

Jumamosi alikuja Bukima. Dafroza hakumfokea, na katika yote aliyoyafanya, hilo nalistaajabia zaidi. Alimwambia tu, "Lala. Kesho mapema, kabla ya misa, utakaa na mama."

Asubuhi ikafika. Nilikuwepo, nimepeleka maziwa. Baltazar aliacha kiti, akaketi chini mbele ya mama yake.

"Mama, nilikuwekea kitu mkononi bila kukuuliza. Nikaandika na maneno yasiyonihusu. Nisamehe. Ukitaka, tutaenda hospitali kikatolewe. Wewe unasemaje?"

Bibi aliupapasa ule mkono.

"Kumbe nilikuwa naweza kuulizwa," akasema.

Baltazar akainamisha kichwa.

"Mimi nasahauga, najua," bibi akaendelea. "Kuna siku nitapotea tena. Kiache. Lakini habari za mwili wangu uzifute zote, leo. Jina langu libaki. Na namba ya simu uandike ya Dafroza."

"Na yangu, mama?"

Alimtazama kwa upendo, nilimwona, hapakuwa na chuki hata chembe. Akamwambia, "Ya kwako ya nini, mwanangu? Andika ya yule anayekuja."

MAFUNZO

Mambo mapya yatakuja, na mengine ni mema. Kijidude kile hakikuwa shetani, na leo kiko mkononi mwa bibi kwa ridhaa yake. Ubaya ulianza pale mtu mzima alipogeuzwa mzigo wa kubandikwa maelezo. Kabla hujaweka chochote mwilini mwa mtu, mwulize. Kama akili yake huja na kuondoka, subiri ije. Usiseme huna nafasi.

Pili, si kila ukijuacho kuhusu mgonjwa wako ni chako cha kuandika, hata kwa nia njema. Jiulize nani atasoma. Utakuta si daktari peke yake. Ni Yakobo pia.

Tatu, hakuna chombo kitakachokutunzia mama. Kinaweza kumsaidia anayemtafuta. Hakiwezi kumtafuta badala yako.

Na wewe uliyevuta mkeka siku ile, unajijua. Bibi bado anakaa pale pale kila asubuhi, na nafasi kando yake ipo.