Wizi wa Diski ya Harusi

Kasha lilikuwa mahali pake na droo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, lakini diski iliyokuwamo haikuwa yenyewe.

Inspekta aliinama na kioo chake cha kukuzia. Kitasa hakikuwa na mkwaruzo. Nyuma yake mwenye nyumba, mpiga chapa mstaafu, alizunguka sebuleni kama aliyekanyaga siafu. Asubuhi hiyo alikwenda kituoni akaapa kwamba haondoki mpaka apewe mpelelezi mwenye cheo.

Habari yake aliimwaga kwa pumzi moja. Diski ilikuwa ya harusi ya binti yake, nakala pekee, ya miaka kumi na moja iliyopita. Ndani yake marehemu mkewe alisimama akatoa nasaha. Leo saa kumi binti alikuwa anafika kutoka ng'ambo na mtoto wake wa miaka sita, aliyezaliwa bibi yake akiwa ameshafariki. Mtoto huyo hajawahi kuisikia sauti ya bibi. Na sasa ilikuwa saa saba na nusu.

"Mwizi ni fundi," alisema mzee. "Alikuja juzi kutengeneza deki. Amefuta harusi ya mwanangu, ametia muziki wake."

Fundi alifika na mkoba wake wa vifaa, bila pingu, ingawa mzee alikuwa ameziomba.

"Diski hii ni yako?"

"Yangu, afande. Ya kujaribia. Niliiacha juu ya deki."

"Na ya harusi?"

"Niliicheza mpaka mwisho, mzee yuko hapo hapo. Akaifungia mwenyewe. Ufunguo anauvaa shingoni kama medali."

Mzee alikiri shingo upande. Ufunguo aliuvua wakati wa kuoga tu.

Inspekta aliishika diski pembeni, kwa ncha za vidole, akaielekeza dirishani. Kuzunguka tundu la katikati palikuwa na utepe mweusi kidogo, mpana kama kidole. Sehemu iliyobaki iling'aa tupu.

"Mzee wangu, tazama. Mwanga wa leza huandika kuanzia ndani kwenda nje, mzunguko juu ya mzunguko. Harusi ya saa nzima ingefika ukingoni. Huu ni muziki wa dakika chache. Harusi yako haikufutwa. Ipo."

Mzee aliketi kwa mara ya kwanza.

Inspekta akaagiza deki ifunguliwe. Fundi alipoondoa kifuniko, uso ulimbadilika. Ile lensi ndogo ambayo mwanga hupitia, aliyoisafisha juzi kwa mkono wake, ilikuwa na vumbi jeupe. Aliudhika kuliko alivyoudhika kuitwa mwizi. Inspekta alichukua chembe kwa pamba, akainusa. Limau.

Alielekea jikoni. Dada wa mwenye nyumba, aliyekuja wiki iliyopita kuandaa mapokezi, alikuwa amezungukwa na masufuria yaliyong'aa hata mtu angeweza kujinyolea ndevu humo. Karibu na beseni palikuwa na kopo la unga wa kusugulia vyombo.

"Mama, kazi hii naiona. Hebu nifundishe. Diski nayo husuguliwaje?"

"Kwa kuzungusha, vizuri mpaka itakate. Kuna namna nyingine?"

Kisha akasikia alichokisema. Alikaa juu ya kigoda, akafunika uso kwa aproni.

"Niliichukua mimi," alisema. "Kaka alipokuwa bafuni. Kwa miaka kumi na moja hajatuachia hata tuiguse. Mimi pia nilimpenda wifi yangu, afande. Nilitaka kumsikia peke yangu, nilie nimalize, nisije nikamlilia mgeni leo. Nikaona ina alama za vidole. Nikasema, nimtakatishe."

Baada ya hapo deki ilikataa kuisoma. Kwa hofu alitia ile ya fundi ndani ya kasha, akaificha ya harusi kwenye foronya.

Mzee alisimama mlangoni, amesikia yote. Alimtazama dadake aliyejifunika aproni. Kisha akamwambia fundi kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nisamehe. Inapona?"

Fundi alikuwa ameshaigeuza diski iliyotolewa kwenye foronya. Mikwaruzo ilikwenda duara, akaeleza, na hiyo ndiyo mibaya. Mkwaruzo unaokata kutoka katikati kwenda ukingoni hula kidogo kila mzunguko, na mashine hujaza pengo yenyewe. Unaofuata mzunguko hula maneno mfululizo. Lakini maandishi yenyewe yalikuwa juu, chini ya lebo. Kilichoumia ni plastiki tu.

Aliisafisha lensi upya, akaipaka diski krimu ya kung'arishia, akaipangusa kwa kitambaa laini kutoka ndani kwenda nje, tena na tena. Dada mtu alimshikia taa bila kupumua. Inspekta, aliyekuwa na mafaili matatu mezani kwake kituoni, hakuondoka.

Saa kumi na robo sebule ilijaa. Diski ilizunguka, ikasita, picha ikavunjika vipande, kisha ikatulia. Kwenye skrini mwanamke mnene mwenye gauni la kijani alimnyooshea kidole bwana harusi.

"Mkwe, nimekupa mtoto mzima na maneno yake yote. Akianza kusema, tafuta kiti."

Akacheka mwenyewe, kicheko cha kupanda ngazi, chenye kwikwi mwishoni.

Mtoto aliyekuwa mapajani mwa mzee alicheka naye. Kicheko chake kilipanda ngazi, kikaishia kwa kwikwi ile ile. Watu wazima wote waligeuka kumtazama.

"Bibi anacheka kama mimi," alisema mtoto. "Babu, mrudishe aseme tena."