Pembetatu ya Mwalimu Milton

Jumapili ile soko la Mtaa wa Tristán Narvaja, Montevideo, lilifurika watu, na mikono miwili ikadaka kwa pamoja roboti moja kuukuu ya kuchezea.

"Niachie, dada, ni ya wanafunzi wangu!"

"Mimi naitaka kwa utafiti, kaka. Nachunguza watoto wanavyojifunza hesabu na kuandika programu."

Huyo ni Ximena, gauni la kijani, chupa ya maji moto ya chai kwapani, kama desturi ya huko. Mwenzake ni Milton, mwalimu wa darasa la tano, shati limepigwa pasi upande mmoja tu. Roboti ikaenda shuleni, Ximena akaifuata na kamera yake. Kufika Agosti simu hazikatiki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

Basi Ximena akamwalika kwenye mkutano wa walimu. Huko akaonyesha video aliyoipiga darasani: Milton amevaa koti lake jeupe la ualimu, anawaambia watoto kwamba ili roboti ichore pembetatu ya pande sawa, igeuke digrii sitini kila kona. Roboti ikaenda zake kombo. Ukumbi mzima ukacheka. Milton akatoka, akazima simu siku nane. Jamani, kususa gani huko kwa mtu mzima!

Siku ya tisa Ximena akamkuta uani mwa shule, watoto wameshaondoka.

"Umenifanya kichekesho, Ximena. Tumeachana."

Ximena akainama. Alichora pembetatu kubwa ya chaki chini. "Itembee kwanza, ndipo tuachane."

Alitembea amenuna. Kwenye kona akageuka, akazidi kugeuka, akasimama. "Mia na ishirini! Kumbe sitini ni pembe ya ndani tu!"

"Ulitoka mapema, mpenzi. Tazama." Akamshikisha simu. Kwenye video msichana aliuliza kwa nini roboti imekosea, na Milton akajibu: "Sijui, mwanangu. Tutafute wote." Darasa zima likaruka vitini kwenda kutafuta.

"Nimepima madarasa ishirini. Lako ndilo lililojifunza zaidi, kwa sababu ya jibu hilo. Walimu walicheka, kisha wakasimama kukupigia makofi, na kiti chako kitupu."

Milton akafuta macho kwa mkono wa koti. "Asante, Ximena. Asante kwa kunifuata. Wengine wakiona kosa langu huenda zao." Akapapasa mifuko. "Pete sina."

"Nani kakuuliza pete? Sema unachotaka kusema, kabla sijalia na mimi."

"Nikuoe?"

"Nioe."

Akapiga goti palepale, na koti lake jeupe likajaa chaki.