Alichosema Flavia Siku ya Kumbukumbu

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya mibuni ya Mbinga, Flavia alikoka moto, akabandika chai, kisha akamwamsha mdogo wake Placidi. Wakati huo mama yao, Ottilia, alikuwa ameshaketi barazani kwenye cherehani. Tangu baba yao afariki, cherehani ile haikujua mapumziko. Mama alishona sare za shule, alitia viraka mashati ya wakulima, na jua likizama alikuwa bado ameinama palepale.

"Flavia, hebu njoo unitungie uzi," mama aliita asubuhi moja.

Flavia alishangaa. Mama yake alizoea kutunga uzi huku akizungumza na wateja, bila hata kuitazama sindano. "Macho yamefanya nini, mama?"

"Naona ukungu ukungu tu. Na hiki kichwa kinanigonga. Si kitu."

"Lakini hata juzi kilikugonga. Twende hospitali."

"Nitakwenda, mwanangu. Nikimaliza misa ya kumbukumbu ya baba yako, nitakwenda."

Flavia akautunga uzi. Maneno kama yale aliyajua vizuri. Baba yake ndiye aliyekuwa akiyasema.

Marehemu Cuthbert alikuwa mwanasheria wa halmashauri. Watu wa vijijini walimpenda kwa sababu aliwaeleza sheria kwa maneno ya kawaida, bila kuwatisha. Kule Mkumbi, mkulima mmoja mwenye uwezo aliwahi kuizungushia uzio chemchemi ya kijiji ili aoshee kahawa yake. Wanakijiji walipandwa na hasira, wakabeba mapanga kwenda kuung'oa ule uzio. Cuthbert alifika, akaketi nao chini kwenye majani, akawasihi waiachie mahakama kazi hiyo. Alikwenda na kurudi mara nyingi, mvua ikinyesha na barabara ikiteleza, hadi chemchemi ikarudi mikononi mwa kijiji bila mtu yeyote kuumizwa.

Nyumbani alikuwa baba hasa. Akirudi kazini alivua tai, akakunja mikono ya shati, akamwogesha Placidi huku akiimba kwa sauti mbaya ambayo wote waliicheka. Alimenya viazi pamoja na mama. Jioni alimuuliza Flavia amejifunza nini shuleni, na jibu la "hakuna" hakulikubali kamwe.

Ila kulikuwa na jambo moja. Daktari alimwambia ana shinikizo la damu, akampa vidonge vya kunywa kila siku. Cuthbert alipojisikia nafuu aliviacha. Mama alipomkumbusha arudi kwa daktari, alicheka. "Nikimaliza kesi hii ya chemchemi, nitakwenda." Kesi ya chemchemi ikaisha, ikaja nyingine. Alasiri moja aliinuka kwenye kiti chake ofisini, akaanguka. Kilikuwa kiharusi. Hakurudi tena nyumbani.

Mwaka ulipotimia tangu afariki, familia ilishuka milimani hadi Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, alikozaliwa Cuthbert na alikozikwa. Walifikia kwa shangazi Hildegardi, dada yake marehemu. Baada ya misa na kuweka maua kaburini, watu walikusanyika uani kwa shangazi. Walikuwapo wavuvi, majirani, na baadhi ya wafanyakazi wenzake Cuthbert waliotoka Mbinga. Mzee Urban, aliyekuwa mkuu wake wa kazi, ndiye aliyesimama kwanza.

"Cuthbert hakujua kuchoka," alisema. "Hata alipoumwa alikuja kazini. Likizo alizikataa. Vijana, mwigeni huyu!"

Watu wakapiga makofi. Mama naye alipiga, kisha akajishika kipaji cha uso na kufumba macho. Flavia alimwona.

Halafu akaitwa yeye. Alikuwa ameandaa maneno mafupi ya shukrani, lakini aliposimama mbele ya watu yote yalimtoka kichwani. Alimwona mama yake tu.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba, mwanetu!"

"Baba alitupenda sana. Alitupenda sisi, na aliwapenda watu aliowatumikia. Lakini..." Akamtazama tena mama yake. "Lakini aliambiwa anywe dawa, akaziacha. Alikuwa akisema atakwenda hospitali akimaliza kazi. Kazi hazikuisha. Nataka kumwiga baba katika mambo yake yote mazuri, ila hilo sitaki kuliiga. Na mama naye anaumwa kichwa, macho hayaoni vizuri, na anasema atakwenda baada ya misa. Misa imekwisha. Naomba mnisaidie, mama aende leo."

Watu wakageuka kumtazama mama.

"Flavia!" mama alisema kwa uchungu. "Unaniaibisha mbele za watu?" Akainuka ili amfuate, lakini alipepesuka. Shangazi Hildegardi akamdaka kabla hajaanguka.

"Wifi yangu, aibu tutaizungumza baadaye," shangazi alisema. "Sasa twende."

Walimpeleka kwenye kituo cha afya kwa gari la Mzee Urban. Daktari Sekela alimfunga mama kipimo mkononi, akakitazama, akapima tena.

"Presha iko juu mno, mama," alisema. "Ungelala nayo leo, sijui kesho tungekuwa tunazungumza nini." Akamlaza palepale na kumwanzishia dawa.

Flavia alikaa kwenye benchi nje, akilia. Mzee Urban akaja kuketi kando yake.

"Babu, nimemkosea mama heshima?" Flavia aliuliza.

Mzee alitikisa kichwa. "Umesema ukweli kwa adabu, ukaomba msaada. Hilo si kosa. Aliyekosea leo ni mimi. Nilimsifu baba yako kwa jambo lililotuondolea baba yako. Nikirudi ofisini, anayeumwa nitamwambia aende akatibiwe."

Baada ya siku chache presha ya mama ilishuka, na ukungu machoni ukamtoka. Kabla hawajaruhusiwa kuondoka, Daktari Sekela alimwonya: "Dawa hizi unakunywa hata siku unayojisikia mzima kabisa. Presha inaweza kupanda bila kukupa dalili yoyote."

Mama alimwita Flavia kitandani, akamshika mkono.

"Niliona aibu, mwanangu, tena nilikukasirikia. Nisamehe. Nilidhani kujichosha ndiyo njia ya kuwalea bila baba yenu. Kazi ni jambo jema, na baba yako aliifanya kwa moyo wote. Lakini mwili huu ndio tunaofanyia kazi, na kwa mwili huu tunawakumbatia wale tunaowapenda. Kuutunza si uvivu. Ni wajibu, kama ulivyo wajibu kuwahi kazini."

"Na baba?" Flavia aliuliza. "Nimemsema vibaya?"

"Hapana. Baba yako tutamsifu siku zote, maana anastahili. Lakini tutamkumbuka kwa ukweli wote, na ukweli huo utatusaidia tuendelee kuishi."