Sanduku la Posta Sabini na Moja

Jumatatu asubuhi, Jedidah Kathure wa Ruiri aliingia kituo cha polisi cha Meru kuripoti kwamba ameibiwa jina. Konstebo Mako aliyekuwa mezani akakuna kichwa, akauliza kama ana maana ya kitambulisho. La, kitambulisho kilikuwa mkobani. Mako alikuwa amezoea wizi wa ng'ombe na pikipiki, kwa hiyo akampeleka kwa Inspekta Marcella Ireri.

Inspekta Ireri alikuwa Mwembu mwenye mwili mdogo na subira ndogo zaidi. Siku hiyo alisikiliza bila kukatiza.

Jedidah alifuma sweta za shule kwa mashine mbili katika duka la kupanga. Mwenye ploti, mzee Mutembei, alikuwa anauza, na alimpa Jedidah nafasi ya kwanza mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Ikipita hapo, ananunua tajiri wa vifaa vya ujenzi, na duka linabomolewa. Jedidah alikwenda benki yake kuomba mkopo, akakataliwa. Benki ilikuwa imemtazama kwenye CRB, lile shirika ambalo benki zote hulipelekea habari za wateja wao: nani kakopa, nani analipa, nani kaingia mitini. Humo iliandikwa kwamba alikopa laki nne kwenye benki moja ya Embu, akalipa miezi miwili, akanyamaza.

"Umewahi kukopa Embu?"

"Embu hata chai sijawahi kunywa, Madam."

"Nani anajua habari hii?"

"Ruiri yote. Nimeshusha bango la duka. Watu wanasema kumbe sweta zangu ni za deni."

Inspekta Ireri alikasirika kwelikweli. Mama yake alikuwa muuza mboga, hakuwa na mali yoyote ila kuaminiwa na watu.

Wengi huisoma ripoti ya CRB ukurasa wa kwanza, penye deni. Inspekta aliisoma kuanzia nyuma, penye orodha ya waliowahi kuchungulia habari za mteja. Majina yalikuwa matatu: benki ya Jedidah, ile ya Embu, na Sako ya Nuru ya Buuri, chama cha akiba na mikopo cha hapo hapo Meru mjini. Sako ilichungulia wiki tatu kabla ya mkopo wa Embu.

"Huko uliomba mkopo?"

"Hapana. Naweka akiba tu."

"Basi walikuwa wanatafuta nini?"

Jumanne akamuuliza meneja wa Sako swali hilo hilo. Meneja alieleza kwa fahari kwamba ana makarani sita, wote hodari. Alipoulizwa ni yupi aliyefungua habari za Jedidah, fahari ikapungua. Wote sita walitumia pasiwadi moja, na pasiwadi yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani kando ya kalenda. Inspekta alimtazama mpaka meneja akaanza kufunga vifungo vya koti.

Jumatano Inspekta na Mako walikuwa Embu. Jalada la mkopo lilikuwa na fomu, alama ya dole gumba, na nakala ya kitambulisho iliyofifia na kuwa nyeusi kama sufuria iliyoungua. Uso ulikuwa wa mwanamke, zaidi ya hapo hakuna wa kuapa. Simu iliyoandikwa haikupatikana. Anwani ilikuwa S.L.P. 71, Maua.

"Mtu wa Ruiri anatumiaje sanduku la Maua?" Mako aliuliza.

Meneja wa tawi alijitetea kwamba walifuata utaratibu. Kabla ya kumpeleka mteja CRB ni lazima aandikiwe siku thelathini mapema, naye aliandikiwa.

"Barua ilirudi?"

"Haikurudi, Inspekta."

"Basi kuna mahali imelala."

Ilikuwa imelala kabatini kwa Mwalimu Ishmael, mkuu wa shule moja ya msingi karibu na Maua. Alhamisi asubuhi aliitoa pamoja na furushi zima la barua za watu wengine, haijafunguliwa. Sanduku lilikuwa la shule, alisema, lakini kijiji kizima kililitumia tangu enzi za mwalimu wa kwanza. Mtu akisoma hapo, anwani hiyo hukaa naye mpaka uzeeni, hata akihamia Mombasa. Mwenyewe hakumjua Jedidah Kathure. Alidhani ni mzazi mgeni.

"Wanaolitumia ni wangapi?"

"Labda mia tatu, Madam. Labda zaidi."

Mako alikata tamaa waziwazi. Inspekta alicheka mara ya kwanza tangu Jumatatu, akamwambia ageuze gari.

Saa nane mchana, makarani sita wa Sako waliketi kwa mstari. Inspekta aliwaambia kwamba polisi wanachunguza ile pasiwadi ya ukutani, na kila mmoja ajaze fomu ya maelezo binafsi. Hakuna aliyeshuku chochote. Kalamu zikakwaruza. Inspekta akapita nyuma yao polepole, mikono mgongoni, kama msimamizi wa mtihani.

Akasimama nyuma ya karani wa tano, Felicitas Ntinyari, msichana nadhifu mwenye mwandiko mzuri. Felicitas alikuwa ameandika jina na tarehe ya kuzaliwa. Kwenye anwani aliandika S.L.P. 71. Kalamu ikasimama. Neno Maua halikuandikwa.

"Malizia," Inspekta alisema.

Felicitas aliweka kalamu chini.

Kituoni, mtaalamu wa alama za vidole alilinganisha dole gumba lake na lile la fomu ya Embu. Hakuhitaji hata kumaliza chai yake.

"Kwa nini Jedidah?"

"Umri wetu unakaribiana. Nakala ya kitambulisho chake ilikuwa kwa faili. Na jina lake lilikuwa safi, halina hata doa."

"Lako je?"

Hapo yakamtoka Felicitas yote. Alimdhamini kaka yake aliyenunua pikapu ya kubeba miraa. Pikapu ilianguka, kaka akashindwa kulipa, mdhamini akaorodheshwa CRB. Benki moja kubwa ya Nairobi iliyokuwa imemwahidi kazi ikataka cheti cha kutodaiwa, akakosa cheti, akakosa na kazi.

"Kila siku nafungua majina ya watu, Madam. Safi, safi, safi. Langu tu ndilo chafu. Nikachukua lake nimnunulie kaka pikapu ingine. Ningelipa yote. Niliazima tu."

"Ulimwomba?"

Felicitas alitikisa kichwa, akalia. Inspekta alimwonea huruma, na hakuificha, lakini hakufuta neno hata moja kwenye ungamo. Mako alinong'ona kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, akaambiwa akalete kitabu cha matukio.

Jioni hiyo meneja wa Embu alipigiwa simu. Aliiandikia CRB kwamba habari alizopeleka hazikuwa za Jedidah. Ijumaa saa sita rekodi ilisahihishwa. Saa nane benki ya Jedidah ilitoa barua ya ahadi ya mkopo. Inspekta Ireri aliendesha gari mwenyewe mpaka Ruiri, na mwendo aliokwenda nao tusiuandike hapa.

Saa kumi kasorobo mzee Mutembei aliisoma barua mara mbili, akatia sahihi ya kuuza. Yule tajiri wa vifaa vya ujenzi alifunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Jedidah aliingia dukani, akatoka na bango. Mako alishika ngazi. Jedidah alipanda mwenyewe, akapigilia misumari minne, na majirani walewale waliosema sweta ni za deni walisimama barabarani wakitazama.

"Mzee," Jedidah aliita kutoka juu, "nisomee kama limenyooka."

Mzee Mutembei akavaa miwani. "Jedidah Kathure, Sweta za Shule."

"Soma tena. Wa nyuma hawajasikia."